Mabwana Watatu wa Nyumba Moja: Familia ya Nchi ya Wamakonde kati ya Kazi, Shule na Kanisa

Imekuwapo kwa miaka mingi desturi, miongoni mwa wale wanaoandika na kuhutubia juu ya mikoa yetu ya Kusini, ya kuitupia familia kila lawama. Mtoto akitoroka shule, yalaumiwa familia. Binti akikatiza masomo kwa mimba, yalaumiwa familia. Waumini wakipungua katika ibada wakati wa msimu wa korosho, au kikao cha kamati ya shule kikikosa wajumbe, tunaambiwa kuwa watu wa Tandahimba, Newala na Masasi hawataki kubadilika, kwamba wameng'ang'ania jando, unyago na ngoma, na kwamba maendeleo yatawapita wakiwa wamekaa kwenye majamvi yao. Kauli hii imerudiwa mara nyingi hata wenyeji wenyewe wameanza kuisema.

Sisi tunaikataa. Hatuikatai kwa sababu ya kuionea haya nchi yetu, wala kwa kuamini kwamba kila kilichofanywa na wazee kilikuwa chema. Tunaikataa kwa sababu historia yaikanusha. Familia ya nchi ya Wamakonde imebadilika mara nyingi zaidi kuliko ofisi zinazoilaumu. Imebadilisha kazi yake, makao yake, ibada yake, urithi wake, na hata muda wa kuwatia wanawe jandoni. Kisichobadilika ni jambo jingine kabisa: kazi, shule na nyumba za ibada zimeendelea kupanga saa zao kila moja peke yake, pasipo kuulizana, kisha zimeiachia familia kazi ya kuyapatanisha yasiyopatana. Anayejua uzito wa mzigo ni aliyejitwisha. Kwa wengine, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Tuanze na nchi yenyewe, maana asiyeijua nchi hawezi kuwahukumu wakazi wake. Uwanda wa juu wa Makonde umeinuka kati ya bonde la Lukuledi upande wa kaskazini na mto Ruvuma upande wa kusini. Udongo wake ni wa kichanga, na mvua inyeshapo hunywewa na ardhi, hivyo juu hakuna mito. Kwa vizazi vingi maji yalikuwa chini mabondeni na watu walikuwa juu, na aliyeunganisha pande hizo mbili alikuwa mwanamke mwenye mtungi kichwani. Hata baada ya mradi wa maji wa Makonde kuanza kuyavuta maji kutoka Mitema kuyapeleka Newala na Tandahimba, bado mitambo ikiharibika ni mwanamke na binti yake wanaorudia njia ya mtungi. Saa za mwanamke, basi, zilikwisha gawanywa kabla hazijafika kengele ya shule na kengele ya kanisa. Jambo hili tulishike, kwani tutalirudia.

Familia iliyoishi katika nchi hiyo haikuwa ile ya baba, mama na watoto wao ambayo vitabu vya shule huichora. Miongoni mwa Wamakonde, kama ilivyo kwa jirani zao Wamakua na Wayao, ukoo ulihesabiwa upande wa mama. Mtoto alikuwa wa ukoo wa mamaye. Mjomba ndiye aliyekuwa na neno la mwisho juu ya jando lake, ndoa yake na makosa yake. Na mume aliyeoa aliishi mara nyingi karibu na wakwe zake, akiwafanyia kazi. Malezi yalikuwa na ngazi zake. Mvulana alikwenda jandoni akatoka na jina jipya. Msichana alichezwa unyago akafunzwa na kungwi na kulindwa na somo. Hizo zilikuwa shule, nazo zilikuwa na walimu, muhula, mitihani na sherehe ya kumaliza. Anayesema kwamba shule ilikuja Kusini pamoja na meli ya Wazungu hajui maana ya shule.

Kisha ikaja misheni. Mwaka 1876, miaka mitatu baada ya soko la watumwa la Zanzibar kufungwa, Askofu Edward Steere wa misheni ya UMCA aliongoza msafara wa watu waliokombolewa utumwani, akawaweka Masasi. Wabenediktini nao walijenga Lukuledi na Nyangao, vituo vilivyoharibiwa katika Vita vya Majimaji mwaka 1905. Mwaka uliofuata wakaanzisha Ndanda. Kutoka vituo hivyo, dini na elimu vilipanda hadi uwanda wa juu, na aliyevibeba mgongoni kwa kweli hakuwa Mzungu. Alikuwa mwalimu wa kijiji, Mwafrika, ambaye siku za juma alifundisha kusoma na kuhesabu, na Jumapili aliongoza sala katika jengo lile lile la udongo na nyasi.

Ni vema tumtazame vizuri mwalimu huyo, kwa kuwa nyumba yake ndiyo iliyokuwa ya kwanza kuonja maisha mapya. Alihamishwa kwa amri ya misheni kutoka kijiji hadi kijiji. Mkewe aliondolewa karibu na mama yake na kaka zake, akawekwa mahali ambapo yeye ndiye mgeni. Mjomba wa watoto akabaki mbali. Baba akaanza kufanya kazi ya mjomba, na mke wa mwalimu akaanza kufanya kazi ya ukoo mzima: kuwapokea wageni wa kanisa, kuwafunza wanawake wengine, kulima shamba la kuwalisha watoto, maana mshahara ulikuwa mdogo. Hakuna aliyewapa semina ya mabadiliko. Walibadilika, wakazaa watu waliokuja kuwa mapadri, waganga, walimu na watumishi wa Serikali huru. Hiyo ndiyo familia inayoambiwa leo kuwa haiwezi kubadilika!

Lakini yapo mengine ya kujifunza katika historia ya Masasi, na hili ndilo kiini cha hoja yetu. William Vincent Lucas, aliyekuwa Askofu wa Masasi kuanzia mwaka 1926 hadi 1944, alikabiliwa na swali ambalo misheni nyingi zililijibu kwa marufuku: nini kifanyike juu ya jando? Wazazi Wakristo hawakuwa tayari kuwaacha wana wao wabaki wavulana maisha yao yote. Wakikatazwa, wangewapeleka kwa siri. Lucas, pamoja na mapadri, walimu na wazee Waafrika waliokuwa na busara kuliko kanuni, walichagua njia nyingine. Jando liliruhusiwa, likawekwa chini ya uangalizi wa Kanisa. Sala zikachukua nafasi ya matambiko, na mafundisho ya dini yakaungana na mafundisho ya adabu na utu uzima.

Hatusemi kwamba jaribio hilo lilikuwa kamilifu. Mwanahistoria Terence Ranger, aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam katika miaka ya 1960, aliandika juu yake mwaka 1972, akaonyesha mafanikio yake na mipaka yake. Upande wa wavulana mambo yalikwenda. Upande wa wasichana yalikuwa magumu zaidi, kwani wanaume wa Kanisa walitaka kusahihisha mambo ambayo hawakuruhusiwa hata kuyaona. Tena, kalamu ya kuamua lipi ni jema na lipi ni baya ilikuwa mkononi mwa mgeni. Hayo ni makosa, nasi hatuyafichi. Lakini tazameni jambo moja: katika shauri hilo, taasisi ndiyo iliyosogea. Kanisa lenye maaskofu na vitabu vyake lilikubali kukaa chini na mjomba na ngariba na kuuliza, "Tufanyeje ili mtoto huyu mmoja asigawanywe vipande viwili?" Ikiwa hilo liliwezekana katika siku za ukoloni, chini ya askofu Mwingereza, ni aibu iliyoje kwamba katika nchi huru taasisi zetu haziulizani swali hilo!

Tuje kwenye kazi. Watu husema juu ya kazi mpya kana kwamba zimeanza juzi. Tangu zamani za wakoloni vijana wa uwanda wa juu waliondoka kwenda kukata mkonge katika mashamba ya Lindi na ya mbali zaidi, wakaitwa manamba, wakarudi baada ya miezi au wasirudi kabisa. Aliyebaki nyumbani alikuwa mama na bibi. Baada ya Vita Kuu ya Pili ukaja wakati wa mkorosho. Mti huo, ulioletwa na Wareno kutoka Brazili karne nyingi kabla, uliupenda udongo wa kichanga ambao mazao mengine yaliuchukia. Ukageuza nchi, na pamoja na nchi ukaugeuza ukoo. Shamba la mtama huhamishwa, lakini mkorosho hukaa miaka mingi kuliko aliyeupanda. Likazuka swali ambalo halikuwako: baba akifa, mikorosho ni ya nani? Ya wanawe waliomsaidia kupalilia, au ya wapwa zake kwa desturi ya ukoo? Na ikiwa aliipanda katika ardhi ya ukoo wa mkewe? Kesi hizi zimejaza mabaraza. Hata hivyo, polepole, watu wenyewe wamekuwa wakizitatua, wengine kwa kugawa mikorosho mume angali hai, wengine kwa kumwandikia mke sehemu yake. Huko ni kubadilika, tena kubadilika katika jambo zito kuliko yote, urithi.

Kisha ikaja miaka ya 1970. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna karibu tani 145,000 za korosho, nyingi zikitoka Kusini. Familia zikahamishiwa katika vijiji. Mikorosho ikabaki huko ilikokuwa, mbali na nyumba. Bei aliyolipwa mkulima haikumtia moyo wa kutembea mwendo huo, na ugonjwa wa ubwiri unga ukaishambulia miti iliyoachwa bila kupaliliwa. Kufikia msimu wa 1986/87 mavuno ya nchi nzima yalikuwa chini ya tani 20,000. Viwanda vya kubangua korosho vilivyojengwa Mtwara, Lindi, Masasi, Newala na kwingineko, vilivyowaahidi hasa wanawake ajira ya mshahara, vikakosa korosho za kubangua, na vingi vikafungwa. Familia zilizokuwa zimepanga maisha yao kwa saa za kiwanda zikarudi kwenye saa za jembe. Katika mambo yote hayo hatuoni mahali ambapo familia ndiyo iliyokataa. Ilihama ilipoambiwa ihame. Iliingia kiwandani kilipofunguliwa. Ilirudi shambani kilipofungwa.

Na korosho ilipofufuka, kwa salfa na kwa miche bora iliyotokana na kazi ya watafiti wa Naliendele, familia hiyo hiyo ndiyo iliyojifunza kubeba bomba la kupulizia dawa. Mwaka 2007 ukaanza utaratibu wa stakabadhi ghalani: mkulima hupeleka korosho katika chama cha msingi cha ushirika, hupokea karatasi, na kungoja mnada. Msimu wa 2017/18 taifa lilivuna zaidi ya tani 300,000. Lakini karatasi si fedha. Novemba 2018, bei za wanunuzi zilipokataliwa, Serikali ilitangaza kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na magari ya Jeshi yakaingia kazini. Wapo waliolipwa upesi, na wapo waliongoja miezi mingi. Januari haikungoja. Ilifika na sare zake, madaftari yake na viatu vyake, na mwalimu aliyesimama mlangoni mwa shule hakuwa na safu ya kuandika kwamba baba wa mtoto huyu anaidai korosho yake.

Shule nayo ina habari yake. Kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 shule za mashirika ya dini zilitwaliwa na Serikali. Uamuzi huo ulikuwa wa haki: haikufaa mtoto Mwislamu wa Tandahimba au Mahuta akose darasa kwa kuwa darasa ni la padri. Tunauunga mkono hata leo. Lakini jambo la haki laweza kuwa na gharama, na gharama ikifichwa haitoweki. Yule mwalimu wa kijiji, ambaye alikuwa na bwana mmoja mwenye kumpangia juma zima, sasa alikuwa na mabwana wawili wasiosemezana. Serikali ilimtaka Jumatatu hadi Ijumaa. Kanisa lilimtaka Jumapili, maana bado yeye ndiye aliyejua kusoma vizuri, ndiye mzee wa kanisa, ndiye mwalimu wa kwaya. Na kuanzia miaka ya 1970, Kanisa Katoliki la Afrika Mashariki lilipoweka mkazo katika jumuiya ndogondogo za Kikristo, zikaongezeka sala za nyumba kwa nyumba katikati ya juma au asubuhi ya Jumamosi. Bwana wa tatu, shamba la korosho, hakutoa likizo kwa yeyote kati yao.

Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitangaza elimu ya msingi kwa wote, nayo ikatekelezwa mwaka 1977. Ada za shule za msingi zikafutwa mwaka 2001; shule za sekondari za kata zikaenea katika miaka iliyofuata; mwaka 2016 ada za kidato cha kwanza hadi cha nne zikaondolewa; na Novemba 2021 mlango ukafunguliwa kwa wasichana waliokatiza masomo kwa kujifungua warudi darasani. Kila hatua ilikuwa njema. Kila hatua pia iliondoa mikono miwili nyumbani, na hapo ndipo twawataka wasomaji wetu wafikiri. Binti aliyekwenda sekondari ya kata ndiye aliyekuwa akienda kisimani, akimbeba mdogo wake, akiokota korosho zilizoanguka. Kazi hizo hazikwenda sekondari pamoja naye. Zilibaki jikoni, zikimngoja mama yake.

Tuchukue nyumba moja. Hatuitaji jina kwa kuwa ziko nyingi. Baba ni mwalimu wa shule ya msingi na mzee wa kanisa. Mama ni mkulima, mwanachama wa chama cha msingi, na mweka hazina wa umoja wa kina mama. Bibi, mama yake mke, anaishi nao. Watoto ni wanne. Tuitazame nyumba hiyo katika robo ya mwisho ya mwaka. Oktoba korosho zinaanguka, nazo hazifai kulala chini ya mti mvua zikikaribia. Minada inaanza. Novemba kijana mkubwa ana mtihani wa kidato cha nne. Mvua za kwanza zinataka shamba la mahindi na mihogo liwe tayari. Majilio yanaanza, na kwaya inafanya mazoezi ya Krismasi. Desemba shule zinafungwa, na kwa kuwa zimefungwa, na kwa kuwa fedha ipo, ndio wakati wa jando la mtoto wa tatu. Mjomba anakuja kutoka Mtwara, anakofanya kazi ya kibarua, akiwa na ruhusa ya siku chache tu. Haya yote yanaangukia katika majuma kumi na mawili. Kisha mtu aliyekaa ofisini anaandika kwamba mzazi huyu hakuhudhuria kikao cha shule kwa sababu ya "mwamko mdogo wa elimu"!

Angalieni pia ni nani anayeachiwa kile kinachobaki. Baba akizidiwa, husema, "Mama watoto ataona." Mama akizidiwa, husema, "Bibi atakaa nao." Bibi hana wa kumwambia. Kila taasisi imejengwa juu ya saa za mwanamke asiyeandikwa katika daftari lolote. Kanisa lajisifu kwa umoja wa kina mama. Shule yajisifu kwa uji wa mchana uliopikwa na wazazi. Ushirika wajisifu kwa korosho safi iliyochambuliwa vizuri. Ni mwanamke mmoja yule yule anayehesabiwa mara tatu, na siku yake ni moja.

Yapo majibu tunayopewa mara kwa mara, nayo yastahili kujibiwa.

La kwanza ni la wale wasemao, "Mwacha mila ni mtumwa." Hao wangependa mtoto atolewe shule aingie jandoni kwa miezi kadhaa kama zamani, na binti achezwe unyago hata kama ni mwanafunzi wa darasa la tatu. Tunawaambia: mila ilikuwa na akili yake, na sehemu ya akili hiyo ilikuwa kujua wakati. Mafunzo ya utu uzima yalikusudiwa kwa anayeingia utu uzima. Leo, kwa kuwa likizo ni fupi na fedha ni ya msimu, mzazi humwingiza mtoto mdogo pamoja na dada yake mkubwa ili gharama iwe moja, na mtoto hufundishwa mambo ya ndoa kabla hajajua kuzidisha na kugawanya. Hiyo si mila. Hiyo ni mila iliyobanwa na ratiba mpaka ikapinda. Anayeitetea kwa jina la wazee anawasingizia wazee.

La pili ni la wale wasemao, "Mshika mbili, moja humponyoka." Kwao dawa ni rahisi: familia ichague. Iache ngoma, au iache shamba, au ipunguze dini. Ushauri huu hutolewa na watu ambao wao wenyewe hawakuchagua. Ofisa wa mjini ana kazi, ana watoto shuleni, ana kanisa au msikiti wake, ana harusi na misiba ya kwao. Tofauti yake na mkulima wa Tandahimba ni kwamba mwajiri wake amempa likizo ya mwaka yenye malipo, na msichana wa kazi anayepika nyumbani kwake pengine ametoka Kusini huko huko. Mtu mwenye mikono ya kuazima asimcheke mwenye miwili.

La tatu ndilo lenye uzito. Husemwa kwamba Serikali haiwezi kuwa na kalenda ya kila kijiji. Mtihani wa taifa ni mmoja, na muhula ni mmoja. Ni kweli, nasi hatuombi mtihani wa Newala uwe tofauti na wa Bukoba. Lakini kati ya mtihani wa taifa na siku ya Jumanne ya kijijini kuna nafasi kubwa ambayo haihitaji kibali cha Dodoma. Siku ya kikao cha kamati ya shule haikuandikwa katika sheria. Saa ya mafundisho ya kipaimara haikuandikwa katika Injili, wala saa ya chuo cha Kurani haikuteremshwa pamoja nayo. Siku ambayo chama cha msingi hupokea korosho hupangwa na watu, na iliyopangwa na watu hupangika upya na watu.

Kwa hiyo tunatoa rai, nayo ni ya vitendo. Kila mwaka, kabla ya Juni, wakae pamoja katika ofisi ya kijiji mwalimu mkuu, padri au katekista, imamu, katibu wa chama cha msingi, ngariba, kungwi, na wanawake wenye nyumba ambao idadi yao isipungue nusu ya wajumbe. Mezani pawe na karatasi moja yenye miezi 12. Kila mmoja aandike anachokitaka kwa familia, na mwezi anaokitaka. Pale ambapo watatu watakutana juu ya juma moja, mmoja asogee. Na anayesogea asiwe familia. Jando liwe ndani ya likizo, na mganga wa zahanati awepo. Unyago usimguse mtoto ambaye hajakua, na kungwi mwenyewe ndiye awe mlinzi wa sharti hilo, kwa kuwa neno lake husikilizwa kuliko bango. Mazoezi ya kwaya yapunguzwe katika majuma ya kuokota korosho, naye Mungu aliyeiumba korosho ataelewa. Shule ipokee ahadi ya mzazi mwenye stakabadhi mkononi, isimrudishe mtoto nyumbani kwa daftari ambalo bei yake imelala ghalani.

Tena madaftari yetu yaongezwe safu. Daftari la shule lina nafasi ya jina la baba. Cheti cha ubatizo kina nafasi ya wazazi na wasimamizi. Daftari la ushirika lina nafasi ya mwenye akaunti. Hakuna hata moja linalomjua mjomba, wala bibi anayelea. Matokeo yake ni kwamba mtoto akipata shida anaitwa baba aliye safarini, na mjomba aliye nyumba ya pili, ambaye kwa desturi ndiye mwenye wajibu, hapewi habari mpaka mambo yameharibika. Hatutaki mjomba arudishiwe amri ya kumwoza mpwa wake. Siku hizo zimekwisha na zisirudi. Twataka arudishiwe wajibu: achangie sare, afike kwenye kikao, aulizwe mtoto alipo. Ukoo wa upande wa mama ulikuwa bima ya mtoto kabla hatujalijua neno bima. Kuuacha ufe kwa kukosa safu katika daftari ni uzembe wa taifa.

Mwezi Desemba 1962, Mwalimu Nyerere alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, wengi walidhani kazi ya wizara hiyo ingekuwa ngoma na vinyago. Vinyago vya Wamakonde vimesafiri dunia nzima, na ngoma ya mapiko huchezwa mbele ya wageni wa heshima. Twafurahi. Lakini utamaduni wa watu ni zaidi ya kile wanachoweza kuwaonyesha wageni. Ni namna wanavyoigawa siku: nani aamke kwanza, nani ale mwisho, nani aitwe akiugua mtoto, kengele ipi itiiwe zikilia mbili kwa pamoja. Miaka mitano baadaye, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu huyo huyo alisisitiza kwamba wanafunzi wabaki sehemu ya familia na jamii zao. Hatuwezi kusema tumelitimiza neno hilo iwapo shule inaijua familia siku ya mchango tu, Kanisa linaijua siku ya zaka tu, na ushirika unaijua siku ya mzani tu.

Familia ya nchi ya Wamakonde imekwisha fanya sehemu yake. Ilitoka utumwani ikajenga Masasi, ikaenda mkongeni na kurudi, ikahama na kuhamishwa, ikapanda mti wa kigeni na kuufanya uhai wake, ikafupisha jando lake ili mwana awahi shule. Sasa ni zamu ya mabwana wake watatu kujifunza adabu ya kukaa pamoja. Karatasi ya miezi 12 haihitaji mkopo wala mtaalamu kutoka ng'ambo. Yahitaji mwenyekiti wa kijiji aiite siku, na kila aliyeitwa aje akiwa tayari kusogea.